Besi Yangu ya Mkaratusi

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, kwa hiyo Mbuji nzima imenisikia nikipiga randa. Waache wasikie. Natengeneza gitaa la besi kwa mikono yangu mwenyewe. La kwanza katika kata hii, na sijasikia la pili kutoka hapa hadi ziwani.

Chanzo ni Mwalimu Adrian. Tangu Milima Mitatu Jazz ianze, mpiga besi ni mimi, kwa gitaa la kuazima parokiani. Paroko mpya amelichukua, anasema ni la kwaya. Wiki hiyo hiyo Adrian, anayefundisha darasa la tano, akatokea mazoezini na besi ya dukani, nyekundu, inang'aa. Akanipa pole. Pole ya nini?

Mzee Bernadi, kiongozi wetu, amesema bendi haiwezi kulisha wapiga besi wawili. Arusi ya Mbamba Bay itaamua. Nitaanza mimi, atafuata Adrian, na atakayeshindwa atatikisa manyanga maisha yake yote.

Manyanga, mimi! Na arusi yenyewe ni ya Winnie, mdogo wake mke wangu. Baba mkwe atakaa kiti cha mbele. Tangu nimuoe Gaudiosa, kila tukionana namwamkia, ananiitikia vizuri, halafu ananiuliza hasa nafanya kazi gani. Safari hii atajibiwa kwa muziki.

Jumatano, 9 Julai

Kazi inakwenda. Tumbo la gitaa nimelipata kwenye mlango wa banda la nguruwe. Mninga mtupu, ulikuwa unapotea bure pale. Nyuzi ni waya za klachi ya pikipiki. Sumaku nimezitoa kwenye spika ya redio. Gaudiosa ameuliza kwa nini redio haisemi. Nimemwambia ni betri. Ameuliza pia kwa nini nguruwe wako kwenye maharage yake. Hapo nimekumbuka nina safari ya dukani.

Shingo ndiyo fahari yangu. Mkaratusi nilioukata mwenyewe mwezi uliopita, umenyooka kama rula. Tatizo ni kuukausha. Julai huku kwetu ni ukungu asubuhi, ukungu jioni, na katikati baridi. Nimeulaza kwenye kichanja, juu ya kahawa ya Gaudiosa, upate lile jua dogo linalopatikana. Gaudiosa amesema kichanja ni cha kahawa. Nimemweleza kwamba na hili ni zao. Ameliondoa zao akaliegemeza chooni.

Nimelirudisha alipokwenda kisimani.

Ijumaa, 11 Julai

Seremala mmoja wa Mbinga mjini ameniambia mbao mbichi inataka miezi na miezi ikauke. Huyo hajalima kahawa. Sisi kahawa hatuipimi kwa kalenda. Unachukua punje, unaiuma. Jino likizama, irudishe kichanjani. Jino likikataa, funga gunia peleka chama cha ushirika. Babu yangu alipima hivyo, baba yangu alipima hivyo, na chama hakijawahi kuturudishia gunia hata moja.

Basi leo asubuhi nimeuma shingo ya gitaa. Jino limekataa. Nimeuma upande wa pili. Limekataa kabisa, na linauma hadi sasa.

Imekauka! Nimeipaka gundi na kuifunga kwenye tumbo. Nashangaa mafundi wa duniani hawajaigundua njia hii.

Jumapili, 13 Julai

Mazoezi baada ya misa, kwenye ghala la zamani la kahawa. Nimelifunua gitaa langu mbele ya bendi nzima. Wote wakarudi nyuma hatua moja. Ni heshima, naamini.

Adrian akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, kama mbao imekauka. Nikamwambia aume. Akasita. Mzee Bernadi akalichukua, akaliuma kwa upande wa kinywa chake wenye meno, akatafakari, akasema hii ni daraja la kwanza. Likapita kwa mpiga ngoma, likapita kwa mpiga kinanda. Wote wakauma, wote wakatikisa kichwa kukubali. Mwisho Adrian naye akauma, maana na yeye ni mtoto wa mkulima, akakiri kwamba kweli jino halizami.

Nikaomba basi na lile lake jekundu liumwe, tulinganishe. Akakataa katakata. Kila mtu ameona nani anajiamini.

Kisha nikapiga. Mabati ya ghala yaliitika. Mzee Bernadi alifumba macho. Nilijisikia mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepanga safari. Tumekodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na nimejitolea kusimamia mizigo. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mpango ni huu. Gitaa la Adrian litawekwa chini kabisa, chini ya turubai, chini ya magunia ya mahindi tunayompelekea baba mkwe. Langu nitalifunga juu, wazi, kifua kinatazama mbele. Mbamba Bay ilione linaingia mjini. Baba mkwe anapenda kukaa barazani kutazama magari yanayoshuka mlimani. Ataliona kabla hajaniona mimi.

Gaudiosa ameuliza kama halitaharibika na jua. Nimemwambia limezoea kichanja.

Jumapili, 20 Julai. Mbamba Bay

Naandika hapa barazani kwa baba mkwe. Jana ilikuwa siku kubwa ya maisha yangu. Nitaieleza kwa utaratibu.

Tulishuka na mpango ulikwenda kama nilivyoupanga. Kila kona ya mlima tuliacha baridi nyuma. Kufika chini, watoto walikimbia pembeni wakilionyesha gitaa langu kwa vidole. Tulikuwa na misa ya ndoa, kisha picha ufukweni, picha zisizokwisha, na gari limesimama juani wakati wote huo. Nililiacha gitaa juu, watu waendelee kuliona.

Ukumbini nikalichukua. Nikahisi mabadiliko madogo. Shingo ilikuwa inatazama juu, na kati ya nyuzi na ubao ungeweza kupitisha samaki mzima wa usipa, kichwa na mkia. Nikasema moyoni kwamba ziwa lina hewa nzito, litatulia likipigwa.

Halikutulia. Wimbo wa kwanza maharusi wakiingia, nikabonyeza sauti moja ikatoka nyingine. Nikakaza nyuzi. Shingo ikazidi kupinda. Mpiga kinanda akanitazama. Winnie akanitazama kupitia shela. Nikabonyeza kwa vidole viwili, kisha kwa dole gumba, na katikati ya ubeti wa pili gundi ikaachia. Shingo ikajikunja ikanigonga sikio, na nyuzi zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo.

Bendi ikanyamaza. Baba mkwe akainuka nusu kwenye kiti. Aibu niliyoisikia sijui niiandikeje. Sikutaka gitaa. Nilitaka ardhi ya Mbamba Bay inimeze na viatu vyangu.

Ndipo Adrian akaja. Nilidhani amekuja kuchukua nafasi yake, ilikuwa haki yake kabisa. Akavua mkanda wa besi yake nyekundu begani, akanivika mimi. Akaniambia sikioni, lile zima, kwamba nipige, kwamba mwanamume haachwi aaibike ukweni. Kisha akaokota manyanga.

Wazi kabisa kwamba amesalimu amri.

Nikapiga. Vidole vyangu ni vyangu, jamani. Nilipiga hadi akina mama wakaacha sahani. Baba mkwe mwenyewe alicheza, na huyo mzee huwa hachezi. Mzee Bernadi akatangaza hapo hapo kwamba mpiga besi wa Milima Mitatu Jazz ni Vitalis, ndiye mimi, suala limefungwa. Ila nitumie gitaa la Adrian, na la kwangu nisilipandishe tena jukwaani. Adrian akasema sawa, na yeye siku nyingi alitaka kuimba.

Baada ya chakula baba mkwe akaniita. Nikajiandaa kwa lile swali lake. Hakuuliza. Alisema lile la kwanza halikuwa zuri, lakini hili jekundu ni kazi ya mtu anayejua. Akauliza kama nalo nimelitengeneza mimi.

Nikasema lina mkono wangu.

Akanishika bega, akanizungusha kwa wazee wenzake kila meza, akasema mkwe wake ni fundi. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kuyaandika.

Adrian ameondoka na basi la alfajiri kuwahi maandalizi ya vipindi vyake. Ameniomba nimrudishie gitaa lake Mbuji. Ananiamini sana.

Jumatatu, 21 Julai

Mbuji. Usingizi ulinipaa. Gaudiosa alinisikia nikimjibu baba yake, na njia nzima ya kurudi aliniuliza ni mkono upi huo ulioko kwenye gitaa la Adrian. Mimi si mwongo, na sitaki kuwa mwongo mbele ya baba mkwe. Nimesema lina mkono wangu, basi lazima liwe nao.

Kwa hiyo leo nimelilaza mezani na kulifungua. Tumbo nimelipunguza kidogo kwa randa, lilikuwa nene bila sababu. Rangi nyekundu imetoka, mbao inaonekana sasa. Kisha nikabandua ubao wa juu wa shingo kwa patasi nione wenzetu wa kiwandani wanafanyaje.

Kazi ya haraka haraka! Wamesahau chuma ndani. Chuma kirefu, kimelala katikati ya shingo mwanzo hadi mwisho, hakifanyi lolote ila kushikilia shingo ambayo tayari imenyooka. Na hivyo ndivyo linavyouzwa, watu wananunua.

Nimekichomoa, nimeirudisha shingo kwa gundi, na limekuwa jepesi ajabu. Adrian anakuja kulichukua kesho baada ya vipindi. Nimemwomba Gaudiosa amwandalie chai na maandazi, maana mtu akipata zawadi kubwa namna hii ni vizuri awe amekaa.