Kengele Iliyoibwa kwa Ajili ya Sayansi

Jumatatu, 4 Juni 1956
Cheo cha naibu wa Mwalimu Mkuu kiko wazi. Nyumba ya bati, na bustani! Tunaokitaka ni wawili: mimi, na Marhun wa hesabu. Wanafunzi wanampenda, sijui kwa nini. Leo nimeanzisha somo jipya darasa la tisa: sayansi ya kuwasaka wahalifu. Nimewaeleza kuwa kila kidole kina mistari yake, na huacha alama. Sadalla, anayekaa mbele, akauliza kama alama humfichua hata mwalimu. Nikamjibu, hata liwali. Vema sana!

Jumanne, 5 Juni
Nimemwalika Marhun kahawa. Mke wangu Benedikta akauliza tangu lini nampenda. Marhun kanywa mara tatu, vidole vimejaa mafuta ya halua. Kila mara nimempokea kikombe, nikakijaza, nikamrudishia kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka. Alipokitikisa kuonyesha katosheka, nikakifunga kitambaani. Benedikta akashangaa: "Luka, huyo kalishwa sumu hata kikombe hakioshwi?"

Jumatano, 6 Juni
Nimeiba kengele ya shule. Nimeifuta vizuri, nikaificha nyuma ya ghala, kikombe kando yake. Masomo yamechelewa saa nzima. Mwalimu Mkuu amefoka: mwizi akiwa mwalimu, cheo asahau! Nikajitolea. Darasa la tisa litampata.

Alhamisi, 7 Juni
Wameipata kengele upesi. Wamekipaka kikombe masizi. Walimu wote tumechovya vidole kwenye wino. Sadalla akachungulia kwa kioo cha kukuzia, muda mrefu mno. Alama kumi na moja, zote zangu! Ya Marhun nusu tu, chini ya gumba langu. Mwalimu Mkuu amenisifu kwa kufundisha vizuri, kisha akampa Marhun cheo, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Marhun kaninong'oneza: "Ahsante kwa kahawa, mwalimu. Kikombe nilikitambua."

Ijumaa, 8 Juni
Nimechunguza kosa. Masizi yalikuwa mabovu. Mwezi mmoja unanitosha. Jumatatu bendera itapotea, na darasa litajifunza nyayo! Marhun alipoingia msikitini nimechukua makubadhi yake mlangoni. Nimeyajaribu hadi nyumbani. Yananibana, na visigino vyangu vinakanyaga mchanga. Haidhuru. Nani atatazama visigino?