Gari Saba, Taja Mahari

Jumatatu, 3 Julai 1995

Redio koli ya gari inakwaruza tena. Krrrr kutoka Ngara mjini hadi kambini kwa wakimbizi, krrrr kurudi. Nimechoka kabla ya chai.

Mama Adelfina, mkuu wetu wa usafiri, kaniita. Nikamwamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote nilionao. Marahaba, akasema, na papo hapo akaanza: kituo hakinisikii, mimi sikisikii kituo, na siku hizi gari lisilo na mawasiliano haliruhusiwi njia ya Biharamulo. Jumamosi atapima redio za magari yote tisa. Lisilosikika litapewa dereva mwingine, na wa sasa ataenda bohari kupakia magunia ya maharage. Nikamwambia tatizo ni milima. Akasema milima hiyohiyo Felisiani anaipita kila siku na anasikika.

Felisiani! Dereva wa Gari Nne, mtu wa Kirushya, anapangusa gari lake kwa manyoya ya kuku. Kasema mbele ya watu kwamba ubovu ni mapambo yangu. Mapambo! Feni ndogo kwenye dashibodi, taa ya tyubu ndani, taa nne za rangi mbele, na honi ya pili niliyopewa na dereva wa lori pale Rusumo. Vyote nimevifunga kwa mkono wangu. Gari Saba ni la shirika la maji, lakini uzuri wake ni wangu.

Leonsia ndiye kanihurumia. Yeye ni sauti ya kituo, binti wa Nyamiaga, Mhangaza. Kasema ananisikia "kwa mbari sana". Kwake l na r ni kitu kimoja. Mimi Msukuma wa Nyakahura sisemi hivyo, ila akisema yeye naona raha. Nampenda Leonsia. Naandika humu kwa sababu pengine popote siwezi kusema.

Jumanne, 4 Julai 1995

Nimepata dawa! Antena fupi haivuti. Nimechukua waya wa uzio, urefu wa mita nne, nikaufunga kwenye mwanzi, mwanzi nikaufunga kwenye bampa. Gari limependeza.

Kambini nikapita karibu na hema la Mukandayisenga, mama wa Kinyarwanda anayeuza sabuni. Mwanzi ukanasa kamba yake ya nguo. Sikujua. Nikaona watu wanapunga mikono njia nzima, nami nikawapungia. Hadi kwenye matangi ya maji nimeburuta kanga mbili, shuka, na suruali ya mumewe. Mama yule kaja kwa miguu, akachukua kimoja kimoja, akakung'uta vumbi usoni pangu. Nilimwomba radhi. Kasema nimfulie. Nimemfulia, mbele ya foleni nzima ya ndoo.

Redio? Krrrr ileile. Na sasa mgongo unauma.

Jumatano, 5 Julai 1995

Nimekwenda kwa Ndikuriyo, fundi redio, Mrundi, meza yake iko soko la kambini. Mzee mpole. Kasema niwashe injini, nizime kila kitu, kisha niwashe kimoja kimoja. Vyote vikiwa vimezimwa: kimya, ila mluzi mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta. Huo ni wa alteneta inayochaji betri, kasema. Nikawasha feni: krrrr! Taa ya tyubu: fiiiii, mpaka mbwa wa sokoni akainuka akaondoka. Taa za rangi: pa, pa, pa. Honi haikuhitaji redio.

Kisha kainama chini ya dashibodi, akakaa huko muda mrefu, akatoka anatikisa kichwa. Kasema vyote nimevidandisha kwenye waya mmoja na redio. Kasema ethi yangu, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, nimeifunga juu ya rangi, na umeme haupiti kwenye rangi. Dawa yake: ving'olewe, rangi ikwanguliwe hadi chuma kiwe cheupe, redio ipewe waya wake kutoka kwenye betri, na alteneta iwekewe kapasita ya kumeza mluzi.

Ving'olewe! Na vumbi la Julai, vioo nimefunga, nipumue nini? Nikamuuliza kama hakuna dawa ya watu wazima wenye akili. Kasema hiyo ndiyo yenyewe. Nikamshukuru, nikaondoka.

Njiani nikafikiri. Kelele inatokea wapi? Kwenye spika. Basi nimejaza pamba kwenye spika, ngumi nzima. Kelele imepungua nusu! Sauti za watu nazo zimepungua, lakini mtu hawezi kupata vyote. Ndikuriyo amesoma bure.

Alhamisi, 6 Julai 1995

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimetumwa Biharamulo kuchukua mabomba. Saa sita nimesimama kivulini, mbele kidogo ya Lusahunga, nala mahindi ya kuchoma. Feni inapuliza. Redio ikaita. Leonsia! Kupitia pamba na krrrr nikasikia hivi: "Gari Saba... krrrr... taja mahari... krrrr... baba anasubiri... taja mahari!"

Mahindi yakanidondoka. Mahari! Baba yake anasubiri! Nikawaza: si Jumatatu alinihurumia mbele ya watu? Si wiki jana alinipa ndizi mbivu mbili? Binti ameona nachelewa, ameamua kuniuliza mwenyewe. Tena redioni, ili mashahidi wawepo. Ujasiri ulioje!

Sisi Wasukuma jambo hili hatulifanyii mzaha. Nikashika maiki, nikataja: "Ng'ombe kumi na wawili! Na bibi mmoja!" Yaani ng'ombe mmoja zaidi wa bibi yake, heshima. Kisha akapiga kelele nirudie. Nikarudia mara tatu, kama tulivyofundishwa. Nikasikia analia. Nikajua ni furaha.

Ng'ombe nilionao ni wawili. Wako kwa kaka yangu Nyakahura, na mmoja anakohoa. Lakini mtu hataji mahari kwa kuangalia zizi.

Baada ya saa mbili likatokea vumbi. Gari Nne! Felisiani, muuguzi Esperansia na machela, na askari polisi. Wamenitafuta njia nzima. Askari kauliza bibi yuko wapi. Nikasema yuko kwao Nyamiaga. Kauliza mizoga ya ng'ombe iko wapi. Nikamwambia wangu wote wako hai. Esperansia kanishika kichwa, kaangalia kama nimeumia.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Kuanzia leo kituo kinauliza kila gari mahali lilipo. Mahali! Na aliyekuwa akisubiri si baba, ni Bravo, jina la kituo redioni. Walidhani nimegonga ng'ombe kumi na wawili na bibi kizee.

Felisiani kacheka mpaka kaegemea gari langu. Kaacha alama ya mkono kwenye vumbi.

Ijumaa, 7 Julai 1995

Sabasaba. Wengine wamepumzika. Mimi nimechekwa.

Leonsia haniangalii. Lakini hilo si kubwa. Zahanati ya Nyamiaga nayo ina redio, ilikuwa imewashwa jana nilipotaja mahari, na ukumbi wa wagonjwa ulikuwa umejaa. Asubuhi hii kaja ofisini mzee Bigirimana, baba yake Leonsia, amevaa koti na kofia. Nikamwamkia. Marahaba, kasema, akanishika mkono muda mrefu. Kauliza ng'ombe wenyewe ni wa pembe ndefu au fupi. Nikasema fupi. Kauliza watakuja lini. Nikasema njia ikikauka. Akatazama nje. Vumbi lilikuwa linaingia hadi mezani.

Mwanaume angesema ukweli pale pale. Sikusema. Niliona aibu, nikaikubali aibu ikae.

Mchana nimerudi kwa Ndikuriyo, nimenyoosha mikono. Kang'oa vyote. Kakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, kafunga ethi upya, kavuta waya wa redio kutoka kwenye betri, kaweka kapasita kwenye alteneta. Pamba kaitoa kwa koleo. Akawasha. Kimya! Sijawahi kusikia kimya ndani ya gari hili. Kidogo nilie. Feni ilikuwa imelala chini kwenye mchanga.

Nilimweleza habari za ng'ombe wangu wawili, pamoja na yule anayekohoa. Kasema nimwambie mzee, mzee si mtu mbaya, yeye anamjua, amemtengenezea redio. Nikamwomba asimwambie mtu. Kasema haya, lakini hakunitazama.

Jumamosi, 8 Julai 1995

Nimefaulu! Mama Adelfina kasema ananisikia kama nimekaa mezani kwake. Gari Saba linabaki kwangu, ila atapima tena Jumatatu asubuhi, maana ananijua.

Furaha imedumu hadi saa nne. Saa nne Leonsia kaita: "Gari Saba, taja mahali." L ameikaza mpaka imelia. Nikataja. Kisha, safi kabisa, kila neno: "Baba anauriza ng'ombe wamefika wapi." Magari tisa yanasikiliza! Saa tano tena. Saa sita tena. Felisiani kaingilia, kasema amewaona wamepumzika Lusahunga. Siwezi kusema sisikii. Kila mtu anajua nasikia.

Sikujua kimya kinachosha namna hii.

Jumapili, 9 Julai 1995

Zamu yangu, maji hayana Jumapili. Nimesali misa ya kwanza. Mzee Bigirimana alikuwa benchi la mbele, anageuka geuka kunitafuta. Nikatoka kabla ya baraka ya mwisho.

Hapo nikapata akili. Feni nilikuwa nayo nyuma ya kiti, kwenye gunia. Nimeifunga tena, palepale, kwenye waya wa redio. Ethi nimefunga kwenye rangi, pazuri pasipo mikwaruzo. Taa ya tyubu pia, kwa uhakika zaidi. Krrrr! Fiiiii! Karibuni nyumbani.

Saa nne Leonsia kaita. Sauti ilikuwa tofauti, kama mtu anayecheka au anayelia. Nimesikia hivi: "Gari Saba... krrrr... Ndikuriyo amemwambia... krrrr... baba amesema... krrrr... wawiri wanatosha... krrrr... hata anayekohoa... fiiiii... mimi pia nimekubari... krrrr... jibu reo."

Sikuambulia kitu. Wawili gani? Labda abiria. Labda mabomba. Siku hizi kila mtu anakohoa kwa vumbi.

Kaniita mara tatu. Nimejibu kwa sauti kubwa, mara tatu, kama tulivyofundishwa: sisikii, sisikii, sisikii. Baada ya hapo hakuita tena. Mpango umefanya kazi!

Feni inapuliza vizuri. Kesho Mama Adelfina anapima redio. Nitamwambia ni milima.