Siti za Upepo za Verlin Stegall

Verlin Stegall alikuwa na masikio mawili kama mimi na wewe, ila yake yalikuwa kazini saa zote. Asubuhi hiyo alikuwa mkahawani kwa Nadine, hapa Tolliver, mayai yakipoa mbele yake, aliposikia mwanamke wa meza ya nyuma akisema kwamba kwa joto hili angeitoa pikapu ya marehemu mumewe, na asante juu, kwa yeyote mwenye gari la siti za upepo. Verlin akaweka uma chini. Mayai hayakuguswa tena.

Mwanamke mwenyewe ni Bi Oleta Haskew, mjane wa miaka sabini na minne, mwenye ranchi maili kumi na moja nje ya mji. Shida yake tuliijua wote. Mwezi wa saba alizidiwa na joto akazimia akiwa anaendesha, pikapu ikajiendea yenyewe mpaka majanini ikasimama. Binti yake wa Houston akaja juu. Mama akizimia tena, hata mara moja, ranchi inauzwa, farasi wanauzwa, na yeye anahamia Houston, ghorofa ya sita, kwenye kibaraza kinachotosha kiti kimoja na chungu cha ua. Pikapu ya Weldon, marehemu mumewe, kiyoyozi chake kilikufa zamani. Joto lilikuwa limepita nyuzi mia za Farenhaiti kwa siku ya ishirini na tatu mfululizo, na Agosti ndiyo kwanza inaanza kunoga.

Habari za ghorofa ya sita hazikumfikia Verlin. Yeye alikuwa anachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara ilisimama hiyo pikapu ya Weldon, ya buluu na nyeupe, ya zamani, haina hata mkwaruzo, imeegeshwa peke yake pua ikitazama barabara. Dallas kuna bwana mmoja anayekusanya magari ya aina ile na kuyatandikia zulia. Verlin alikuwa na miaka hamsini na miwili, na tangu atoke kwao alikuwa akilala kwenye magari na vyumba vya kando ya barabara. Gari lile moja lingemwezesha kutuliza makalio yake mahali pamoja hadi uzeeni. Yashike hayo makalio, maana ndiyo tutakayoshughulika nayo.

Bi Oleta alipotoka, Verlin akasogea kaunta kuuliza habari za marehemu, kwa sauti ya mtu anayependa kutoa rambirambi.

"Weldon?" Nadine akasema, anafuta kaunta. "Yule hakuwa mtu wa kurudi nyuma."

"Miaka kumi na minne," mzee mmoja akadakia toka kona, "sikumwona akirudi nyuma hata hatua."

Wengine wakachekea vikombeni. Verlin akavua kofia, akaibana kifuani, akasema wanaume wa namna hiyo wamekwisha. Hakuna aliyembishia. Wala hakujiuliza kwa nini marehemu alikuwa akitajwa kwa kicheko, maana mtu wa maneno matamu husikiliza mpaka pale panapomfaa, basi.

Sasa kuhusu hizo siti. Siti ya upepo ya kweli si uchawi. Ngozi yake imetobolewa vitundu vidogo mamia, ndani yake kuna njia za hewa, na chini kabisa vimekaa vifeni viwili vitatu vidogo kama kiganja. Nyingine zinakupulizia, nyingine zinafyonza joto na jasho la mgongo wako na kuvipeleka mbali. Baridi hazitengenezi. Ukiingia kwenye gari lililoachwa juani, zitakupulizia tanuri lile lile ulilolikuta. Washa kiyoyozi kwanza, subiri dakika kadhaa, ndipo utaona raha yake, shati linabanduka mgongoni lenyewe na unafika uendako umekauka. Nimeendesha maili mia tatu nimekalia moja ya hizo, na nilishuka nikiwa na heshima zangu zote.

Pikapu ya Verlin haikuwa na kifeni hata kimoja. Ilikuwa na kiyoyozi, tena kikali, kitu pekee katika maisha ya Verlin kilichofanya kile kilichoahidi. Akaenda kuegesha nyuma ya chumba alichopanga, akashika msharasi, akaanza kutoboa. Kutwa nzima alitoboa, siti ya dereva na ya abiria, ulimi nje, kwa uangalifu ambao kama angeutumia kwenye kazi halali leo angekuwa diwani. Chini ya siti akafunga kifeni cha kompyuta iliyotupwa, kivume tu, kinapuliza zulia. Kwenye dashibodi akaweka kitufe chenye taa ya buluu. Halafu akaingia duka la vifaa vya mifugo akanunua chupa mbili za dawa ya kuchulia farasi, ile ya kijani yenye mnanaa mkali, ukijipaka unahisi umesimama mbele ya friji. Akazinywesha siti chupa zote mbili, tundu kwa tundu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo hapa kwetu hata mtoto wa darasa la pili hawezi kulifanya. Dawa ile unampaka farasi mguuni, unamwachia hewa. Ukiifunika, ukaizungushia kitambaa na kubana, kwanza hupoza, kisha huanza kuchoma, na kesho yake ngozi imejaa malengelenge. Verlin alikuwa mtu wa Dallas. Farasi aliyemjua kwa karibu ni yule wa kwenye bizimu ya mkanda wake.

Kesho yake saa nane mchana akatokea ranchini. Njiani alikuwa amekalia karatasi ya nailoni, kusudi bidhaa isichakae, akaitoa alipofika getini. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Akashuka, akavua kofia, akajitambulisha kama mtu anayepita njia tu, ambaye roho yake haikutulia tangu asikie mama mzima anateseka na joto. Akapiga domo la robo saa. Alieleza vifeni, akaeleza njia za hewa, akaeleza wahandisi waliokosa usingizi kwa ajili ya migongo ya watu, na kila alichosema kilikuwa kweli, ila si cha gari lile.

Bi Oleta akapanda, akakaa. Verlin akabonyeza kitufe, taa ya buluu ikawaka, kifeni kikavuma. Bi Oleta akavuta pumzi ndefu puani.

Miaka hamsini mwanamke huyu amechua miguu ya farasi. Harufu ile ameilalia na kuiamkia. Alipovuta pumzi ile alijua duka, akajua chupa, nadhani hata bei aliijua. Akaangalia vitundu, vingine vimepinda mstari. Kisha akanyoosha mkono mbele ya tundu la kiyoyozi, akauacha pale, na upepo wa baridi ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Yeye mwenyewe alituambia baadaye kwamba hapo karibu alie. Aliwaza binti yake, akawaza kile kibaraza.

"Inapoa," akasema.

"Inapoa mpaka kwenye mifupa, Bi Oleta."

"Naisikia. Sasa hebu kaa wewe hapa, mwanangu, ubaridi usitoroke. Mimi nikalete kadi ya gari."

Verlin akakaa. Kupoa kulikuwa kweli kabisa, akatabasamu, akaanza kupanga atakachomwambia yule bwana wa Dallas. Bi Oleta aliporudi na kadi mkononi hakuharakisha. Aliegemea dirisha la gari, viwiko ndani, kama tunavyofanya huku, maana Tolliver biashara haifungwi wala mgeni haondoki kabla dirisha halijaegemewa. Akaanza na mvua. Mvua ilipokwisha, akaingia kwenye kabichi ya kuchachua ya kanisani na nani aliharibu mapishi yake. Akapita kwa mjukuu anayesomea meno. Kadi ilikuwa pale pale, anajipepea nayo.

Dakika ya kumi Verlin akahamia kalio la kushoto. Ya kumi na mbili akarudi la kulia. Kulikuwa na kitu kinaamka chini yake. Angeweza kushuka, lakini mtu atashukaje kwenye siti ambayo ametoka kuisifu kwamba mtu hatamani kushuka? Akabana meno, akasema ndiyo mama, naam mama. Bi Oleta akafika kwa marehemu.

"Tulikutana kwenye mnada wa ng'ombe," akasema. "Nilivaa gauni la njano."

"Naam, mama."

"Unalia, mwanangu?"

"Nimeguswa," Verlin akasema. "Habari za mapenzi ya kweli zinanigusa sana."

"Basi nisikukatishe. Ngoja nianze mwanzo."

Akaanza mwanzo, na hakuruka kitu. Ilipofika harusi, Verlin alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi, na kila tone lililoteremka lilikwenda kuichochea ile dawa. Ndipo Bi Oleta akamwambia kuhusu pikapu ya Weldon, na alisema polepole, akimtazama machoni, kwa sababu ni mtu wa kanisa.

"Lile gari ni kama mwenyewe. Mbele kwa mbele. Kurudi nyuma halijui."

"Ndiyo gari ninalolitaka!" Verlin akapiga kelele. "Tusaini!"

Alisaini juu ya boneti amesimama, magoti yamebanana. Hakufungua hata mlango wa lile gari kukagua. Banda la gari la Weldon lina milango miwili, unaingia huku unatokea kule, na Verlin alitoka nalo kwa kishindo, vumbi juu, amejikunja juu ya usukani kama anayeendesha baiskeli mlimani, makalio hewani.

Alifika nusu maili. Kando ya barabara kuna ujia wa ng'ombe, waya kushoto, waya kulia, upana wa gari moja, na mwisho wake kuna hodhi la kunyweshea ng'ombe, limejaa pomoni. Verlin hakufikiri. Akakata kona, akaingia ujiani mpaka bampa ikabusu zege, akaruka na buti zake akakaa majini mpaka kifuani. Ng'ombe watatu waliacha kunywa, wakamtazama. Alituliza makalio yake mahali pamoja karibu saa nzima, na nadhani ndiyo saa tamu kuliko zote alizopata Tolliver.

Hatimaye akatoka anachuruzika, anaimba kidogo, akaingia garini, akakanyaga klachi, akatafuta rivasi. Akatafuta juu, akatafuta chini. Gia zote zilikuwapo isipokuwa hiyo. Mbele zege na maji, kushoto waya, kulia waya. Akazima gari, akakaa anasikiliza injini ikipoa. Na hapo, mmoja mmoja, wakaanza kumrudia: Nadine anafuta kaunta, yule mzee wa kona, vicheko vikombeni, na yeye mwenyewe kofia kifuani kama mpumbavu. Alikuja kumwingiza mtu mjini, naye kaingizwa kwenye ujia wa ng'ombe.

Bi Oleta alimkuta ameketi ukingoni mwa hodhi, kwa upande. Alisimamisha ile pikapu iliyokuwa ya Verlin, akashusha kioo, na ubaridi ukatoka ukamfikia Verlin usoni. Shingo ya Bi Oleta ilikuwa kavu kabisa. Juu ya siti yake alikuwa ametandika blanketi la farasi, amelikunja mara nne.

"Gari hili halina rivasi," Verlin akasema.

"Halina tangu mwaka ule Weldon alipong'oa nguzo ya lango."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, mwanangu. Nadine kakuambia, mzee Dub pale kona kakuambia, na mimi nimekuambia nakutazama machoni. Wewe ukavua kofia."

Verlin akavua buti moja, akamwaga maji, akaivaa tena.

"Kwa ile dawa hukunidhulumu," Bi Oleta akaendelea. "Siti si shida yangu. Shida yangu ilikuwa kiyoyozi, na kiyoyozi chako kizuri, Mungu akubariki. Nimempigia binti yangu sasa hivi nikiwa njiani, nimemwambia asitafute wanunuzi wa ranchi tena. Hilo gari utakuja kulivuta siku ukipata mtu mwenye winchi. Haya, panda nikufikishe mjini."

Verlin akatazama nyuma ya pikapu. Kulikuwa na magunia ya chumvi ya ng'ombe mpaka ukingoni, na juu yake mbwa mkubwa wa manjano ambaye hakuonyesha nia ya kusogea. Akatazama barabara, maili kumi na nusu, hakuna mti. Akatazama siti ya abiria, vitundu vyake vyote alivyovitoboa kwa mkono wake, haina blanketi, na suruali yake mbichi ya maji.

Alifungua mlango. Akapanda taratibu sana, mkono mmoja ameshika paa.

Bi Oleta akamngoja akae vizuri. Kisha akanyoosha kidole kwenye kitufe cha taa ya buluu, kwa adabu zote za mwenyeji.

"Nikuwashie upepo?"