Chumba Chenye Mlango

Jumapili, 12 Januari

Theluji ya hapa Minnesota imefika dirishani. Baada ya kanisa, kikao cha familia: tutakaa wapi Florida? Bustani ya burudani imeshachaguliwa na watoto pacha wa dada yangu Marit, Otto na Hazel, miaka saba, na hilo halijadiliwi. Linalojadiliwa ni mahali pa kulala.

Marit anataka hoteli iliyo ndani ya bustani. Wageni wa pale huingia nusu saa kabla ya watu wengine. Alilisema hilo mara tano, kama anatangaza dawa ya saratani. Baba angependa kukodi gari la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani. Mama akasema yeye popote tu. Nami nikasema popote tu.

Uongo mtupu! Hotelini tutapata vyumba viwili, na mimi, miaka ishirini na tisa, tasnifu imekamilika, nitalala kwenye sofa ya kukunjua miguuni pa pacha. Kama kila mwaka. Kwa sababu sina mume.

Mwaka huu haiwezekani. Alhamisi tarehe 20 Februari, saa nne asubuhi, jopo la chuo kimoja cha Arizona litanihoji kwa video. Kazi ya kudumu. Nimetuma maombi thelathini na moja, na hawa ndio wa kwanza kuniita. Nahitaji mlango unaofungwa. Sijamwambia mtu. Kwetu jambo jema halitangazwi kabla halijatokea, na likishatokea hutajwa kwa sauti ndogo.

Ilikuwepo keki ya limau. Mama alimpa Baba kipande cha mwisho. Baba akakataa. Akampa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akapokea, akilalamika kuwa anaonewa. Ndivyo watu wastaarabu wanavyokula keki. Shemeji Carmine, mume wa Marit, mzaliwa wa New Jersey, alikuwa ameambiwa mara moja tu, akala. Miaka minane ya ndoa na bado hafundishiki.

Jumanne, 14 Januari

Nimetengeneza jedwali. Hoteli, gari la kulala, nyumba ya kupanga. Vigezo kumi na vinne. Utulivu nimeupa alama arobaini, ukaribu na bustani alama sita. Nimewatumia wote, nikiandika kwamba mimi sina upande.

Jioni. Hoteli imeshinda kwa alama mbili. Nimerudia hesabu. Imeshinda kwa alama tatu.

Marit alipiga simu kunishukuru. Akasema hakujua kama naijali hoteli kiasi hicho.

Jumapili, 19 Januari

Mbinu mpya: watoto. Nilimnong'oneza Hazel kwamba zipo nyumba za kupanga zenye bwawa lao wenyewe la kuogelea, na chumba cha watoto chenye kitanda cha ngome na joka ukutani. Sikusema zaidi. Kufikia chakula cha mchana Otto alikuwa analia chini ya meza.

Picha za nyumba moja zikapitishwa mezani, kura ikapigwa. Mama: popote tu. Baba: asisumbuke mtu kwa ajili yake. Mimi: popote tu. Carmine akasema, jamani, mimi nataka hoteli, nani mwingine? Aibu ilitanda mezani. Marit akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema basi, nyumba.

Ushindi! Vyumba vinne. Wazazi, Marit na mumewe, pacha, na cha nne. Nimekiona pichani: meza ya kuandikia, dirisha linalotazama ua, kitasa chenye ufunguo. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Jumamosi, 15 Februari

Florida. Jua la kutia haya. Tumefika, na ngome ipo, na joka lipo.

Tuligawana vyumba sebuleni, mizigo mikononi. Baba, Mungu ambariki, akaelekeza kidole kwenye chumba cha nne akasema, "Hiki Solveig achukue."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikajibu, kama inavyostahili, "Hapana Baba, mimi hata sofa inanitosha."

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Baba akafungua kinywa kwa ajili ya ya pili. Nilimwona. Kinywa kilikuwa wazi!

Carmine akamtangulia. "Kweli, shem? Poa sana. Mimi nakoroma, Marit halali. Nakichukua mimi." Akaingiza begi. Akafunga mlango.

Wengine wakainua mizigo yao. Kuna la kusema? Nilikuwa nimekataa.

Jumapili, 16 Februari

Sofa iko kati ya jokofu na mlango wa bwawa. Marit aliamka saa kumi na moja alfajiri kutengeneza mikate ya siagi ya karanga, ili tusimame langoni kabla ya wote. Alisema kwa upole kwamba hotelini tungekuwa bado tumelala. Alilisema mara mbili, mara ya pili akiwa ameegemea miguu yangu.

Foleni dakika tisini. Treni ya kizunguzungu dakika mbili. Nilifanyia mazoezi majibu ya mahojiano kichwani. Otto akauliza Anti anaongea na nani.

Jumatatu, 17 Februari

Mbinu: kumtoa Carmine kwa hofu. Nilimtaarifu, kana kwamba nimekumbuka tu, kwamba nimeona mjusi akiingia chumbani kwake. Ni kweli, mijusi wamejaa huku. Nilitarajia mtu wa mjini apige yowe.

Amempenda! Amempa jina, Gino. Anamwekea maji kwenye kifuniko cha chupa.

Jumatano, 19 Februari

Zimebaki saa kumi na nane. Nimekagua bafu (mwangwi), gari (joto), chumba cha kufulia (mashine inarukaruka).

Carmine alinikuta nimesimama nje ya mlango wake nikiwa na mswaki. Akaniuliza bila kuzunguka, "Shem, unakitaka chumba? Sema tu. Mimi sofa hainisumbui."

Mtu huyu alikuwa ananipa mlango, meza na ufunguo. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Aa, hapana, niko sawa kabisa."

"Haya, poa," akasema, akaenda kuogelea.

Nilisubiri pale. Ilikuwa bado ya pili, tena ya tatu. Nilisubiri mpaka dawa ya meno ikakauka.

Alhamisi, 20 Februari

Nilitangaza kwamba tumbo linaniuma. Waende bustanini, nibaki, saa nne nyumba nzima iwe yangu. Marit akashika paji langu la uso akasema pole, kisha akaanza kuhesabu kofia.

Mama akasema atabaki nami. Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Akasema mara ya tatu, ameshavua viatu. Ya tatu haikataliwi. Nilipokea.

Wengine walipoondoka nikakimbilia chumba cha nne. Kimefungwa kwa ufunguo! Kikaratasi mlangoni, mwandiko wa Carmine: *Msifungue, Gino yuko huru.*

Ilibaki ngome. Saa nne kamili nilikaa kitanda cha chini, tarakilishi magotini, pua ya joka juu ya bega langu la kushoto. Nyuso nne za Arizona. Mwenyekiti, Profesa Renteria, alisema wanavutiwa na utafiti wangu. Nikaeleza: barua za wahamiaji wa Norwei waliokuja Minnesota, mababu zetu, na jinsi wasivyoweza kuandika wanachokitaka. Mwanamke mmoja aliomba apelekewe sufuria kwa kuisifu theluji kurasa sita. Walicheka. Niling'ara, nadhani. Profesa mmoja akauliza kama tabia hiyo ingalipo. Nikajibu kwamba kwa ujumla ilikwisha na kizazi cha tatu.

Hapo Mama akaingia na supu. Hakuona tarakilishi. "Mwanangu, kunywa ingali moto, na kama ni tumbo la kuharisha niambie tu." Kisha akaziona nyuso. Akazisalimu. Akaziuliza kama zimekula. Zikasema hapana, bado. Akasikitika sana.

Dakika arobaini zikaisha.

Ijumaa, 21 Februari

Mama kawaambia wote. Marit alinifuata kando ya bwawa, kasimama na taulo, macho mekundu. Alisema, kwa nini hukusema? Alisema ile siku ya kura aliona ninavyoiangalia ile meza ya kuandikia pichani, akajua nataka nyumba, ndiyo maana akaiacha hoteli. Hoteli anayoiota tangu ana umri wa pacha. "Ningekupa hata chumba changu, Solveig. Ungesema neno moja tu."

Nilisema sikutaka kumsumbua mtu.

Carmine alipita akidondosha maji. Akasema familia hii inahitaji mkalimani. Marit akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia, kidogo. Halafu Marit akaniambia waziwazi: mwakani niseme ninachotaka, mara ya kwanza, kwa sauti. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno.

Jumatano, 26 Februari

Nyumbani. Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nimesafisha meza, nimekaa na daftari hili, natafakari. Nimebadilika. Nahisi wepesi fulani. Kutaka si aibu. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye kadi nikaibandika juu ya dirisha.

Saa saba na robo simu ililia. Profesa Renteria mwenyewe. Alisema jopo limekubaliana kwa kauli moja. Kazi ni yangu nikiitaka. Akaongeza kwamba wote wanamsalimu mama.

Nilimwambia ni heshima kubwa mno. Nikamwambia bila shaka wapo wengine wanaostahili zaidi, na nisingependa kumzibia mtu nafasi.

Akauliza kama nina uhakika. Nikasema kabisa, wasijisumbue kwa ajili yangu. Akasema anasikitika, lakini anaheshimu unyoofu wangu, watampigia mtu wa pili kwenye orodha. Tukaagana vizuri sana.

Imekwenda vyema kuliko nilivyotarajia. Ukihesabu na lile swali lake la uhakika, hizo ni mbili tayari. Simu naiweka hapa karibu na daftari, sauti juu, kahawa kando.

Saa kumi sasa. Atakuwa anakula.