Mwizi Mwenye Shikamoo

Redio ya Rizwan ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kwamba wizi wa akaunti za simu umezidi, wananchi wasimpe mtu yeyote namba zao za siri. Kwenye benchi la kahawa nje ya duka lake la spea, pale Majengo, macho yote yakamgeukia Bartolomayo, ambaye kijiwe kilimwita Katibu kwa sababu ya kalamu isiyotoka mfukoni.

"Katibu, umetajwa redioni," alisema Stanley, mtu wa kukatiza wenzake kwa "Taarifa!" kama yuko bungeni, hadi akabatizwa jina hilo.

"Sijatajwa mimi."

"Wamesema 'baadhi ya wananchi'. Baadhi ndiyo wewe."

Rizwan, au Spea, akaweka kikombe chini. "Hebu rudia, mzee wangu. Mtu usiyemjua kakuandikia Watsapu kwamba kuna namba sita zimeingia kwako kwa bahati mbaya, umtumie. Ukamtumia?"

"Kaanza na shikamoo," alijitetea Bartolomayo. "Nikaitika marahaba. Ukishaitika, unamnyimaje mtoto wa watu vinamba sita?"

"Taarifa! Wanao wanakuamkia kila asubuhi, na baiskeli umewanyima."

Benchi likatikisika kwa kicheko. Bartolomayo hakucheka. Roho yake ilikuwa Kibakwe, kwa Mzee Gideoni, baba wa Emiliana, binti anayechumbiwa na mwanawe Denis. Kwa wiki tatu Gideoni alikuwa akimwandikia kuuliza watakwenda lini kujitambulisha, na kwa wiki tatu yeye alisoma akanyamaza, eti anatafakari. Sasa mwizi alikuwa ameiteka Watsapu yake, anatembea na jina lake na picha yake, na wakwe hawajui.

"Mtoe basi humo, Spea!" alisihi.

"Nimejaribu tangu jana. Kaongeza namba yake ya siri juu, hatuingii mpaka zipite siku saba. Ile ile niliyokusihi uiweke mwaka jana, ukasema huna cha kuibiwa."

"Mwizi mwangalifu huyo," Taarifa akasifu. "Kakuta nyumba haina mlango, kauweka yeye, tena na kufuli. Mpigie mzee wa watu umwonye, kabla naye hajaitika marahaba."

Bartolomayo akapiga. Taarifa akanyoosha mkono, akawasha spika bila kuombwa.

"Mzazi mwenzangu!" Gideoni alichangamka. "Tangu jana umekuwa mtu mwingine kabisa! Unajibu hapo hapo, unauliza hali ya ng'ombe, hata mama Emiliana umemsalimia kwa jina."

"Mzee, huyo si mimi. Ni mwizi. Kakuomba namba?"

"Kaziomba. Nikamwambia huku kwetu mtu haombi kitu kwa simu. Aje, akae, anywe maji, ndipo aseme shida yake. Akasema haya, Jumamosi anakuja. Beberu tumeshamtenga."

"Usimpe chochote! Bartolomayo wa kweli ndiye mimi."

"Yule wa kusoma na kunyamaza?"

Bartolomayo alitazama kahawa yake. "Ndiye."

"Pole sana, mzazi mwenzangu," alisema Gideoni, kwa huzuni ya kweli. "Ila huyo mwizi... hana kijana anayetafuta mke?"