Mgomo wa Rukuba

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mukendo, Musoma.
Miaka yote hii nafundisha uchumi wa siasa chuoni, na bado ni mhadhiri tu! Dokta Wegesa, aliyenikuta kazini, tayari ni mwandamizi. Ana utafiti wake wa pamba kule Bunda. Wakulima wanamjua hadi jina la mama yake. Mbwembwe! Jumamosi sote tunatoa mada kwenye kongamano Butiama, mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Yeye ataleta takwimu. Mimi nitaleta mapambano ya kitabaka yenyewe, yangali moto. Kesho naenda kisiwa cha Rukuba kuanzisha mgomo wa wavuvi.

Jumanne, 3 Juni. Kisiwani.
Boti. Mawimbi. Nimetapika. Nimefikia kwa Mama Hyasinta, tajiri mwenye mitumbwi yote ya upande huu. Mkarimu mno: sato wa kukaanga, ugali wa muhogo, kitanda chenye neti. Nikashiba, kisha nikateremka ufukweni kuwaeleza wavuvi wake anavyowanyonya. Kiongozi wao, Nyamhanga, akauliza kama na mimi nitagoma kula kwake. Nikamjibu kuwa kinadharia hilo ni suala tofauti.

Jumatano, 4 Juni.
Waoga! Wanasema wakigoma, tajiri ataleta wavuvi wengine kutoka Kibara. Nikawapa kanuni moja: mtumbwi usitoke, hata mmoja, kwa sababu yoyote, mpaka mgao wao wa samaki upande. Atakayetoka ni msaliti. Wakaikariri kwa sauti, Nyamhanga akiwa wa kwanza. Machozi yalinilenga.

Ijumaa, 6 Juni.
Wamegoma! Mitumbwi yote iko mchangani. Nimepiga picha mpaka simu imezima. Kisha nikamwomba Nyamhanga anivushe Musoma, maana kesho nina mada na boti ya abiria haiji. Akanitazama kwa huruma.
"Mwalimu, somo lako sisi hatulivunjagi."
Nikasema mimi ni mwenzao. Akasema ndiyo maana. Na Mama Hyasinta kaambiwa nani mchochezi. Begi langu nimelikuta nje.

Jumamosi, 7 Juni.
Butiama wanatoa mada. Mimi napungia mkono boti zinazopita mbali. Hakuna iliyogeuka. Mchana tajiri akasalimu amri: mgao umepanda kutoka theluthi hadi nusu! Wavuvi waliimba, wakanibeba juujuu, wakanivusha kwa shangwe. Nimefika Musoma, nikaambiwa kongamano limekwisha. Muda wangu alipewa Wegesa. Nasikia aliutumia vizuri.

Jumatatu, 9 Juni.
Mkuu wa idara, Dokta Eliasi, ameniita. Amesema ushindi wa wavuvi ni mzuri, ila kamati haimpandishi cheo mtu isiyemwona. Nafasi ya mwisho ni Alhamisi, Butiama. Nisichelewe.
Sitachelewa! Wala sitaenda mikono mitupu, Wegesa asije akasema Rukuba ilikuwa bahati. Leo nakwenda Bunda kuwaona madereva wa bodaboda. Wenye pikipiki wanawanyonya vibaya. Wagome kuanzia Jumatano, asiwashe pikipiki hata mmoja mpaka kieleweke.
Alhamisi alfajiri nachukua bodaboda hapo hapo Bunda, moja kwa moja hadi Butiama.