Samaki Kwenye Mwamba Mwekundu

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua bado. Chemchemi imebaki tope. Na bado magari ya wageni yanapita mlangoni kwangu bila hata kupunguza mwendo! Wote wanakwenda kwa shemeji yangu Mokhethi, kaka wa mke wangu, aliyejaliwa nyayo za dinosaria kwenye mwamba nyuma ya nyumba yake. Hakuzichonga yeye. Alizikuta tu! Sasa ana blanketi jipya na kibao barabarani. Leo kanipungia mkono. Kunipungia mimi!

Mimi pia nina mwamba mwekundu, mrefu kuliko wake. Umetokeza kama kibaraza, na kondoo wa mke wangu hulala chini yake. Una kasoro moja: hauna kitu. Hilo linarekebishika.

Jumatano, 5 Novemba

Nimechagua samaki. Nyayo anazo Mokhethi, samaki hana. Nimeiga picha ya kopo la samaki tuliokula jana na papa, ugali wetu wa mahindi. Mwili nimeuchonga kwenye jiwe gumu la juu. Chini yake ni udongo mwekundu laini. Nimeuchimbua wote ili nipate pa kupigia magoti. Humo nikakutana na mabonge meupe, magumu, yamejikunja. Yananizuia! Nimeyapiga nyundo nikayatupa.

Mke wangu 'Malineo kaja kuuliza nafanya nini kwenye malazi ya kondoo wake. Nikasema nawapanulia nafasi. Akanikumbusha kwamba kondoo hao aliachiwa na marehemu mama yake. Kana kwamba nimewahi kusahau. Samaki ametoka vizuri sana. Ana furaha usoni.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbaya. Daktari Ramoeletsi, mama mmoja mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu, alikuwa anakwenda kwa Mokhethi. Nikamkatia njia. Mokhethi naye akafuata, nani alimwita? Mama yule akamtazama samaki muda mrefu.

“Ntate Seabata,” akasema, “mbona huyu samaki anacheka?”

Mokhethi alikaa chini kabisa, mbavu kashika.

Mama yeye hakucheka. Alinieleza taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mistari ya mshazari kwenye jiwe la juu ni ya vilima vya mchanga uliopeperushwa na upepo. Wekundu ni kutu: chuma kilichomo mchangani kilipigwa na hewa kavu miaka na miaka. Udongo wa chini una nyufa zilizojaa mchanga, maana yake palikuwa na vidimbwi vikakauka. Maji yaliondoka hapa, alisema, yakakawia mno kurudi.

“Samaki wako, Ntate, angefika hapa kwa miguu.”

Kisha akainama kwenye kifusi changu. Akaokota yale mabonge, akayaunganisha kiganjani. Ni mifupa, alisema. Wanyama wawili wadogo kama paka, wamekumbatiana ndani ya shimo. Walijificha kuukwepa ukame, wakangoja mvua, wakafa wakingoja. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani amewavunja. Nikasema kondoo.

Kabla ya kuondoka alinivuta kando. Niwahamishe kondoo leo leo, mwamba sasa umekaa hewani. Mvua ikinyesha utashuka.

Jumamosi, 8 Novemba

'Malineo kauliza mtaalamu alisemaje kuhusu mwamba. Nikasema ameusifu. Ningesemaje? Nikihamisha kondoo, kijiji kizima kitajua sababu. Halafu Mokhethi, kilabuni, mbele ya watu, atasema: “Lete kondoo kwangu, shemeji, zizi ni kubwa.” Kubwa! Afadhali nife.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Ilianza alfajiri. 'Malineo alicheka kama msichana, akatoka peku kuwatazama kondoo wake. Mimi nilikuwa nawasha moto. Nikasikia mshindo kama lori linalomwaga mawe.

Kondoo karibu wote wamekwisha. 'Malineo alikuwa anamvuta jike mmoja mzee. Jiwe limemshika mguu wa kulia.

Mokhethi ndiye aliyelinyanyua, kwa mtaimbo. Hakucheka. Bora angecheka. Mimi nilishika kichwa cha mke wangu, mvua inatupiga usoni.

“Ntate,” akasema, “si ulisema ameusifu?”

Nikamwambia asiongee, atunze nguvu.

Ijumaa, 14 Novemba

Wameukata mguu. Nilipoingia wodini, 'Malineo aligeukia ukutani. Nililia pale ukumbini, kweli nililia, mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Nikarudi nyumbani. Pale mwamba ulipovunjika panatiririka maji mekundu, mazito kama uji. Vikongwe wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakauliza kama hayo ni dawa. Nilifungua mdomo niseme ni tope. Likatoka: “Ya miguu.”

Wakapaka magoti! Mmoja akasema anajisikia mwepesi tayari!

Mokhethi hana maji mekundu. Nimekusanya chupa zote za nyumbani, nimezijaza, nimezipanga mlangoni. Jumapili nakwenda nazo hospitali. Ile wodi imejaa wenye miguu mibovu, na wote wanampenda 'Malineo. Akinisemea maneno mawili tu, nitaziuza zote.

Nitamwomba ajifunike blanketi vizuri.